Gari gani lilikupa raha kuliko yote?



Mkimbizi anaulizwa maswali mengi. Ulizaliwa wapi? Ulikimbia mwaka gani? Mlikuwa wangapi nyumbani? Mlivuka mpaka upi? Wazee wetu wameyajibu maswali haya mara nyingi, mpaka majibu yamekuwa kama sala ya jioni: yanatoka yenyewe, bila kufikiri. Sisi vijana tukaamua kuwauliza kitu kingine kabisa. Tukazunguka kambini, tukawaambia: "Mzee, mama, katika magari yote uliyowahi kuwa nayo, gari gani lilikupa raha kuliko yote?"

Wengine walicheka kwanza. Mzee mmoja alituuliza kama shirika fulani limeanza kugawa magari. Lakini wakishaanza kuongea, hakuna aliyemaliza kwa dakika tano. Mikono ikaanza kushika usukani usiokuwepo, miguu ikakanyaga klachi. Haya ndiyo tuliyoyasikia, pamoja na historia tuliyoisoma ili tuyaelewe vizuri.

Enzi ya Peugeot

Jina lililorudi mara nyingi kwa wazee wetu wa Kongo, Rwanda na Burundi ni Peugeot. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Ndugu yake mdogo, 504, ikafuata mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka huko Ulaya. Lakini huku kwetu nani alijali tuzo ya Ulaya? Watu walijali mashindano ya Safari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, matope na mawe. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa anaishi Tanzania. Halafu 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Kuna pia Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mara tatu akiwa na Volvo na Mitsubishi, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano na magari ya Datsun. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki aliponunua gari miaka ile, hakuhitaji tangazo. Alikuwa ameshasikia redioni ni gari gani limefika na ni gari gani limebaki kwenye tope.

Kwa nini 404 na 504 ziliweza? Zilikuwa zimeinuka juu ya barabara, na springi zake zilikuwa laini na ndefu, basi gurudumu likiingia kwenye shimo gari halipigi chini. Ile 504 ya familia, yenye mgongo mrefu, ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na viti safu tatu. Tena haikuwa na kompyuta yoyote ndani. Fundi mwenye spana, waya na akili aliweza kuifufua kando ya njia. Tangi likitoboka, wanasugua kipande cha sabuni kwenye tundu, safari inaendelea.

Mzee mmoja wa Uvira alikuwa na 404 ya pikapu, ile yenye turubai nyuma. Alikuwa anapeleka ndagala wakavu Bukavu. Alitutajia njia yake kama mtu anayehesabu watoto wake: Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola, halafu mlima wa Ngomo. Wanaoijua barabara ya Ngomo wanajua kwamba upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni hewa tu. "Malori yalikuwa yanalala pale siku mbili," alisema. "Mimi na kagari kangu napanda polepole, gia ya kwanza, naimba. Ile gari ilikuwa na roho, bana. Ilikuwa inanijua." Gia ya 404 haikuwa chini kwenye sakafu, ilikuwa kwenye shina la usukani. Mzee alituonyesha kwa mkono jinsi ya kuivuta, mara nne, ili tusisahau.

Gari la mmoja, gari la wote

Kitu kilichotushangaza ni hiki: tulipouliza juu ya gari, wazee walijibu juu ya watu. Nani alikaa mbele. Nani alitapika kwenye kona. Bibi harusi gani alibebwa, na mgonjwa gani alifika hospitali usiku. Kwenye kijiji au mtaa wenye gari moja, mwenye gari hakuwa na usingizi wake peke yake. Mtu akigonga mlango saa nane za usiku, unajua ama ni uzazi ama ni msiba. Na asubuhi, betri ikikataa, wale wale wanakuja kusukuma.

Mama mmoja wa Bujumbura alitupa jibu zuri sana. Alikuwa anauza vitambaa, akaweka pesa kidogo kidogo, akanunua Toyota Hiace ya kubeba abiria. Mwanzoni aliajiri dereva. Dereva akawa anarudi kila jioni na hadithi badala ya pesa: mara gurudumu, mara polisi, mara abiria hakulipa. Basi mama akajifunza kuendesha mwenyewe. Anakumbuka barabara inayopanda kutoka mjini kwenda Bugarama, wale vijana wa baiskeli wanaoshika malori kwa nyuma ili wavutwe mlima mzima, halafu wanateremka na mikungu ya ndizi kama risasi. "Raha yangu haikuwa pesa," alisema. "Raha yangu ni pale wanaume waliposimama barabarani, wananyoosha mkono nisimame, halafu wanaona dereva ni mimi."

Hiace ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967, na imelea miji yetu yote. Angalieni majina ambayo watu waliyapa magari ya abiria. Nairobi ni matatu, kutoka zile senti kumi tatu za nauli ya zamani. Dar es Salaam ni daladala, kutoka dala, jina la sarafu ya shilingi tano. Kigali waliita twegerane, yaani tusogeleane, na aliyepanda anajua sababu. Hakuna kampuni iliyotoa majina hayo. Ni abiria wenyewe. Mtu haipi jina la utani kitu asichokipenda, hata kama kinamchelewesha kazini.

Na wasiokuwa na gari?

Tuseme ukweli. Wazazi wetu wengi hawakuwahi kuwa na gari. Walitembea, au walikuwa na baiskeli. Tulipomuuliza baba mmoja wa upande wa Goma, alijibu bila aibu yoyote: "Gari yangu ilikuwa chukudu."

Kama hujui chukudu, ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina injini wala kiti. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, anasukuma na mguu mwingine, na mteremko ukianza anaachia. Inabeba viazi, makaa, kabichi, mbao, saruji, mizigo ya mamia ya kilo. Mjini Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu akisukuma chukudu. Ni miji mingapi duniani iliyomjengea sanamu mbeba mizigo badala ya jenerali? Baba huyu alisomesha watoto wawili kwa chukudu. Alisema raha yake ilikuwa mteremko wa asubuhi, umejaza viazi, mji uko chini mbele yako na ziwa nyuma yake, na breki ni kipande cha tairi tu chini ya mguu.

Sisi tunaihesabu. Kwenye orodha yetu chukudu ni gari.

Usukani ulipohama upande

Kuanzia miaka ya 1990 magari ya Japani yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi. Sababu iko kwao huko. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Watu wengi wanaona heri kuuza gari ambalo bado ni zima. Magari hayo yanapakiwa melini na kuja Mombasa, Dar es Salaam, Durban. Kutoka Dar es Salaam mengine yanaendeshwa mpaka Burundi, Kongo, Zambia na hapa Malawi.

Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia, kama Tanzania, Kenya na Malawi. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi tunapita kulia. Kwa hiyo Bujumbura na Uvira pakawa na madereva wengi wanaokaa upande wa mtaro. Mtu akitaka kulipita lori mbele yake haoni kitu, ni lazima amuulize aliyekaa pembeni: "Njia iko wazi?" Dereva mmoja wa zamani alituambia ndivyo alivyompata mke wake. Alikuwa abiria wa kiti cha mbele, na alikuwa na macho mazuri ya kuangalia lori linalokuja. Alimwamini barabarani, akaona anaweza kumwamini nyumbani.

Wazee waliofika Malawi wakiwa madereva walilazimika kujifunza upya. Mkono uliozoea kutafuta gia kulia ukagonga mlango. Mmoja alisema mwaka wake wa kwanza Lilongwe, kila akifika kwenye mzunguko wa magari alikuwa anaomba Mungu kwanza.

Pale gari lilipoishia

Hatukutaka kuuliza juu ya vita. Lakini hadithi za magari zinafika kwenye vita zenyewe, kwa sababu kila gari lina safari ya mwisho.

Oktoba 1996 vita ilifika Uvira. Yule mzee wa 404 alikuwa ameshaiuza zamani, alikuwa na Toyota. Aliwapakia watu kumi na moja, nusu yao sio wa ukoo wake, akateremka kusini kwa njia ya Makobola kuelekea Baraka. Hapo wakapata mtumbwi wa kuvuka Tanganyika kwenda Kigoma. Gari akaliacha ufukoni, funguo ndani. Tulimuuliza kwa nini hakuondoka na funguo. Akasema: "Gari haiogelei. Na kama mtu mwingine anakimbia nyuma yangu, bora imusaidie na yeye."

Tulikaa kimya kidogo baada ya hapo. Tumesoma ripoti nyingi zinazosema watu walikimbia bila chochote. Ni kweli, wengi walifika bila chochote. Lakini kabla ya kufika walikuwa na kitu, na huyu alikitoa kwa mtu asiyemjua.

Dzaleka na Lilongwe

Sasa tuje hapa kwetu. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita kama 45 hivi kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa wakati wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, leo tuko zaidi ya 50,000. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa masharti. Iliweka pembeni baadhi ya vifungu, kikiwemo cha kutembea kwa uhuru na cha kufanya kazi. Ndio maana kisheria sehemu ya mkimbizi ni kambini.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi walikwenda mjini, wakafungua maduka, wakalipa kodi ya nyumba, wakanunua magari. Lilongwe imejaa Toyota Sienta. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 2003, lina viti safu tatu na milango ya kusukuma pembeni. Mzee wetu mmoja alipoiona mara ya kwanza alisema: "Huyu ni mjukuu wa 504." Ni kweli kabisa. Kazi ni ile ile: familia mbele, wajomba katikati, watoto na mizigo nyuma, na mtu mmoja zaidi ambaye haiwezekani kumwacha.

Ndugu mmoja mfanyabiashara alikuwa na Sienta ya rangi ya fedha. Kila wiki alikuwa anapakia mchele, mafuta na sabuni mjini, anapita Kanengo na Lumbadzi, anaingia njia ya Dowa mpaka Dzaleka. Msimu wa tumbaku alikuwa nyuma ya malori yenye marobota mpaka juu, hakuna haraka. Jumapili siti zinarudishwa, familia inapanda, wanakwenda tu. "Kwenda wapi?" tuliuliza. "Kwenda," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa raha. Tunakwenda bila sababu."

Machi 2023 agizo lilitoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mei mwaka ule operesheni ya kuwarudisha ikaanza. Watu waliuza vitu haraka, na anayeuza haraka hapangi bei. Ile Sienta ilikwenda kwa pesa ambayo mwenyewe hapendi kuitaja. Leo akitaka kufika mjini anahitaji kibali, halafu apande minibasi, au matola juu ya lori. Ndani ya kambi anapanda kabaza kama sisi wote. Hajalalamika sana alipotusimulia. Alisema tu kwamba mtoto wake wa mwisho bado akisikia mlio wa mlango wa kusukuma anageuka.

Kwa nini tumeandika haya

Labda mtu atasema: chakula kinapungua, nyie mnaandika juu ya magari. Tumelifikiria hilo, na jibu letu ni hili.

Waambie watoto waliozaliwa Dzaleka wachore gari. Wengi watachora Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu mbele. Ni gari zuri, umbo lake limebaki karibu lile lile tangu mwaka 1984, na limetufikishia dawa na wageni. Lakini ni gari ambalo mtu mwingine anakuja nalo na mtu mwingine anaondoka nalo. Mtoto akijua gari hilo tu, atadhani kwamba watu wake wamekuwa abiria siku zote, tena abiria wa kusubiri.

Historia inasema vingine. Wazazi wake walikuwa madereva, mafundi, wenye magari, wenye chukudu. Walijua njia, walijua mlima gani unahitaji gia ya kwanza. Watu waliwategemea usiku wa uzazi na usiku wa msiba. Mtu aliyeendesha Hiace mpaka Bugarama anaweza kuendesha kamati ya kambi. Mtu aliyefufua Peugeot kwa waya na sabuni ana elimu ambayo haimo kwenye fomu yoyote, na bado yuko hapa, nyumba ya tatu kutoka bombani, hakuna aliyemuuliza.

Kwenu marafiki wa mashirika: tunajua maswali yenu yana kazi yake. Lakini mkimaliza fomu, ongezeni moja. Muulizeni mtu ni kitu gani kilimpa raha alipokuwa kwao. Mtajua alikuwa nani, na mtajua anaweza kufanya nini kesho. Yule mama wa Hiace amekaa Dzaleka miaka mingi, na anasema sisi ndio wa kwanza kumuuliza kama anajua kuendesha.

Kwenu vijana wenzetu: wazee wanaondoka. Wengine wamepelekwa Marekani, Kanada au Australia, wengine tunawazika hapa hapa Dowa. Chukua simu yako, rekodi. Uliza jina la gari, rangi, mwaka, na njia aliyozoea kupita, mji kwa mji. Uliza nani alikaa mbele. Uliza liliishia wapi, na kama hataki kujibu hilo, mwache. Usisahau baiskeli na chukudu. Halafu mleteeni yule fundi kabaza yenu inayokohoa, aifungue mbele yenu, na nyinyi mshike spana.